Kiu ya Muuzaji

Tangu nizaliwe sijalewa hata siku moja, lakini mwaka ule serikali ilinitambua rasmi kuwa mlevi mstaafu bora kuliko wote.

Tulioitwa kwenye usaili tulikuwa tisini na kitu. Walimtaka mtu aliyekunywa miaka kumi mfululizo, akaacha kwa miaka isiyopungua mitano, mwenye akili timamu na meno ya kutosha kutamka maneno. Meno ninayo. Hayo mengine niliyasimulia. Mimi niliuza pombe ya komoni kule Makongolosi miaka ishirini na miwili, nikawatazama walevi usoni kila siku ya Mungu, kwa hiyo msaili aliponiuliza asubuhi ya mlevi ikoje nilimweleza mpaka akaomba maji ya kunywa. Mlevi wa kweli aliyekuwa nyuma yangu aliulizwa hilo hilo, akajibu kwamba hakumbuki. Wakanichukua mimi.

Kazi yenyewe ilikuwa kutoa kiu.

Sheria mpya ilitaka kila kata iwe na nyumba ya tiba ya ulevi na madawa, na nyumba zilijengwa kweli, zikapakwa rangi, zikakosa watu wa kukaa ndani yake na kutibu. Mshauri mmoja alichukua miaka miwili kuiva. Akishaiva, mgodi mmoja unamwita akawe bwana ustawi, au anachoka tu, anaacha. Vijana waliotoka chuoni walikuwa wameisoma kiu kwenye vitabu kama mtu anavyosoma habari za barafu. Ndipo Dokta Aikande Mrutu, mama mmoja wa Kipare asiyepoteza neno, akatengeneza Kofia.

Kofia ni ya mpira mweusi, na ndani ina vijicho zaidi ya mia mbili vinavyowaka na kuzima. Unavalishwa, halafu wanakupitishia kikombe cha pombe puani. Vijicho vinasoma chini kabisa ya ubongo, mahali ambapo, Dokta alinieleza, hapana maneno wala picha, pana mvuto tu: mwili unataka kuelekea wapi. Mvuto ule wanauchora ramani. Mwanafunzi akivalishwa ramani hiyo mara kumi na tatu, na mwili wake unajifunza kuelekea huko huko. Anaijua kiu bila kuonja pombe. Majuma matatu tu, anapewa cheti.

Waliponipitishia komoni puani, mashine ilipiga kelele mpaka msaidizi akaruka. Dokta alisema hajapata kuona ramani safi kama ile. Nilihisi mwili wangu umeelekea mahali fulani, ila sikuuliza ni wapi. Ilikuwa karibu na chakula cha mchana.

Wanafunzi sita wa kwanza wakapelekwa Nyumba ya Lusungu, Tukuyu, na mimi nikapewa chumba huko huko niwaangalie. Cheo changu kiliandikwa Mlezi wa Kiu. Nilikuwa na beji.

* * *

Nilianza kumshuku Siwema kwa sababu ya uji.

Siwema Shekuwe, mmoja wa wale wanafunzi sita, alikuwa binti wa mwalimu wa madrasa kule Lushoto, miaka ishirini na minne, mpole, mwenye kucheka kwa pumzi bila sauti. Kilabu cha pombe alikuwa hajawahi hata kukipita mbali. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa inanyesha, naye alikuwa anagawa uji kwa wagonjwa. Alipofika kwa mgonjwa mgeni, dereva mstaafu aliyeitwa Mzee Lugano ambaye mikono ilikuwa inamtetemeka kama ameshika usukani mbovu, Siwema alikinyanyua kikombe, akafyonza kidogo ukingoni, akapafuta kwa kidole gumba, ndipo akampa.

Kijiko changu kikabaki mdomoni.

Huo ni mkono wa kilabuni. Muuzaji anatangulia kuonja, mteja aone hamna sumu. Lakini uji? Nani anawekewa sumu kwenye uji wa serikali? Nikamvuta pembeni, nikamuuliza anafanya nini. Akasema alikuwa anaangalia sukari. Uji wa nyumba ile haukuwahi kuonana na sukari tangu nyumba izinduliwe.

Nikaona basi, huyu mtoto ameanza kunywa. Kofia imemtia kiu, naye kaenda kuitafutia maji yake. Kwa hiyo nikafanya kazi ya ulezi: nikampekua. Nilimnusa pumzi kwa kisingizio cha kumfunga kilemba. Nilipapasa chini ya godoro, ndani ya tangi la choo, kwenye viatu vya mvua. Wake za walevi walikuwa wamenifundisha maficho yote. Nikapata kitana, barua za mama yake na pipi za tangawizi. Pipi moja nikala, ya uchunguzi.

Hakuwa anakunywa. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi.

Nikaendelea kumtazama, na kila siku niliona jambo jingine. Chai ya mgonjwa ikibaki vidole viwili, alikuwa ameshaijaza. Hakuna aliyewahi kuona kitako cha kikombe mkononi mwa Siwema. Mgeni alimketisha karibu na mlango, jirani na yule anayecheka sana, ili akiwaza kutoka acheke kwanza. Aliyechelewa kikaoni hakuulizwa kwa nini. Aliambiwa kwa sauti ya chini kwamba kiti chake kilikuwa kinamngoja. Na mtu akija na koti lililoloa, Siwema alilipeleka jikoni likauke. Alikuwa halirudishi mpaka aombwe, na akiombwa alikuwa hakumbuki kaliweka wapi.

Wageni kutoka Dodoma walikuja na kompyuta zao, wakatupigia makofi. Walikuwa na neno lao, ubakiji. Katika nyumba nyingine wagonjwa saba kwa kumi walitoroka kabla ya mwezi kwisha, wakarudi kunywa. Lusungu, tangu Kofia iingie, hakuna aliyeondoka akaenda kunywa.

Hakuna aliyeondoka kabisa.

* * *

Mtu aliyenifungua macho ni Tumpe, mchuma chai, mke wa Ambakisye.

Ambakisye alikuwa seremala. Tiba ya Lusungu ni miezi sita. Yeye alikuwa kwenye wa tisa, mzima, mashavu yamejaa, hajagusa pombe siku mia mbili na sabini. Kila wiki Tumpe alikuja kumchukua, akakaa kwenye benchi nje ya geti, na kila wiki Ambakisye alitoka kumwambia bado kidogo, kuna mazungumzo ya mwisho na mshauri wake. Mshauri wake alikuwa Siwema.

Jumatano ile nilikwenda kukaa na Tumpe benchini. Sikumuuliza kitu. Muuzaji mzuri haulizi.

"Mama," akasema, "alipokuwa kilabuni nilijua pa kumkamata. Nilikuwa naingia, namvuta shati, wananitukana, namtoa. Hapa nitamvuta vipi? Hapa anasifiwa."

Akaniambia kwamba Ijumaa saa nne kaka yake anapita na Fuso kutoka Mbeya kwenda Kyela. Vitu ameshafunga, watoto wawili ameshawatoa shuleni. Ambakisye akiwa ametoka kabla ya hapo, atashusha vitu na watarudi nyumbani pamoja. Asipotoka, yeye anapanda, na hatampigia simu tena. Hakulia. Alikuwa anasema kama mtu anayesoma ratiba.

Nilirudi ndani nikasimama nyuma ya dirisha la jikoni, linalotazama ukumbini. Ambakisye alikuwa na mfuko wake begani. Nafikiri maneno ya Ijumaa yalikuwa yameshamfikia, maana alisimama, akavuta suruali juu, akaelekea mlangoni.

Sasa sikiliza. Wale wanafunzi sita mmoja alikuwa wa Lushoto, mmoja wa Kibondo, mmoja wa Nachingwea, hawana babu mmoja wala lugha moja ya nyumbani. Mmoja alikuwa anaandika, mwingine anakunja blanketi. Ambakisye alipovuka katikati ya ukumbi, wote sita waliinua vichwa kwa mpigo, kama kuku waliosikia punje.

Siwema ndiye aliyekuwa karibu. Hakumzuia. Alitabasamu tu, akamwambia aende salama, ila ile habari ya jana ya mjomba wake na nyuki hakuimalizia, na ni fupi. Ambakisye akashusha mfuko. Akakaa. Chai ikaja.

Nikamtazama Siwema mabegani. Yalishuka. Ni utulivu fulani unaoanzia shingoni, mtamu, unaokuja mteja akikaa tena. Nami nyuma ya dirisha, na sufuria mkononi, mabega yangu yakashuka pamoja na ya kwake.

Hapo nikajua mwili wangu ulielekea wapi siku ile ya Kofia.

Mimi pombe sikuwahi kuitamani. Niliwatamani watu wakae. Kilabu changu kilikuwa cha mabati na viti vya magogo, lakini mtu akiingia hakutoka kirahisi, na hilo nilijivunia kuliko mwenzangu anavyojivunia watoto. Nilikuwa na fundi cherehani, Kajange, mwenye mapafu mabovu. Siku moja ya mvua alitaka kuondoka mapema, nami koti lake nikalisahau kwa makusudi nyuma ya pipa la kimea. Akakaa, akaongeza, akaongeza tena. Asubuhi walimkuta mtaroni, hatua thelathini kutoka mlangoni kwangu. Nilifunga kilabu wiki hiyo hiyo. Ndipo baada ya miaka nikasikia wanatafuta mlevi wa kusaidia walevi, nikajiambia nakwenda kulipa. Na chumba chao kilikuwa na maji ya moto, tusidanganyane.

Nilikuwa nimewavalisha watoto wa watu tamaa ya muuza pombe, kisha nikawaweka mlangoni mwa hospitali.

* * *

Alhamisi nilikwenda ofisini kwa Dokta Mrutu. Alikuwa anamenya chungwa. Nikamweleza yote, la kilabu na la kutokunywa, nikingoja kisu kisimame. Hakikusimama. Ganda lilitoka refu, bila kukatika.

Akaniambia anajua. Amejua tangu mwezi wa pili wa Kofia.

Akanionyesha kwenye kioo cha kompyuta. Ramani ya mnywaji, alisema, ina kilima na shimo: hamu inapanda, anakunywa, inaporomoka, halafu kuna kovu la majuto. Yangu haikuwa na shimo. Tena siku ile msaidizi wake, kwa utani, alikunywa funda moja la ile komoni mbele yangu. Akaniwekea kidole kwenye mstari. Pale pale msaidizi alipomeza, mvuto wangu ulipanda mpaka juu kabisa.

"Mnywaji hupanda akimeza yeye," akasema. "Wewe ulipanda alipomeza mwingine."

Nikamuuliza kwa nini basi alikaa kimya. Akanipa hesabu za watu. Kabla ya Kofia, kila mwaka alikuwa anazika wagonjwa wake. Aliwataja wanne kwa majina, bila kutazama karatasi. Tangu Kofia, hajaenda kaburini hata mara moja. Kofia inaweza kugeuzwa, ramani ikaoshwa, lakini wale sita watarudi kuwa kama walivyotoka chuoni, na wa kuziba nafasi zao hakuna. Jumatatu ramani hiyo inapelekwa kwenye nyumba arobaini.

"Na wagonjwa wataondoka lini, Dokta?"

"Walio hai wana muda, Bibi."

Halafu akaongeza kwa upole kwamba, kama jambo hili likitoka nje, la kwanza litakaloulizwa ni mimi niliingiaje. Akanipa kipande cha chungwa.

Nitasema kweli: nilikuwa nimekubaliana naye karibu kabisa. Nilikula lile chungwa. Nilipofika mlangoni nilimuaga, akaniuliza kama nimeshaona picha za nyumba mpya ya Busokelo, ni nzuri, angenionyesha dakika moja tu. Nikageuka kuzitazama. Nilikuwa nimeshavuta kiti ndipo nikajiuliza Dokta amejifunza wapi kumrudisha mtu mlangoni, na kama Kofia haijapita kichwani mwake pia.

Sikuuliza. Nilitoka bila kuziona picha.

* * *

Ijumaa saa tatu na nusu ni kikao cha duara. Kila mmoja husema jina na siku zake bila kunywa, na mimi kama Mlezi huwa natangulia. Kwa kawaida natunga.

"Naitwa Tusekile," nikasema. "Siku zangu bila kunywa ni zote."

Wakacheka, kwa sababu wamenizoea. Nikangoja kicheko kiishe, nikawaambia nilikuwa nauza. Kisha nikaanza kutaja, polepole, kazi za mikono yangu: kuonja kwanza ukingoni, kujaza kabla ya vidole viwili, kumketisha mgeni karibu na anayecheka, kumaliza habari kesho, kusahau koti. Kila nilipotaja moja, macho ya wagonjwa yalihama kutoka kwangu kwenda kwa wanafunzi, yakatua, yakahamia kwa mwingine. Kijana wa Nachingwea alikuwa ameshika birika. Akaliweka chini kama limemuunguza.

Dokta Mrutu alikuwa amesimama mlangoni. Hakunikatiza. Nilimtazama mara moja, nikaona amekunja mikono, anasikiliza kama watu wengine.

Ambakisye akauliza, "Kwa hiyo mimi hapa ni mgonjwa au mteja?"

"Mteja, baba. Tena mzuri."

Akasema kati ya hapa na nyumbani kwake kuna vilabu vitatu, na kimoja kiko mkabala na karakana yake, akipiga randa wanamwona. Alikuwa anauliza bila kuuliza. Nilikuwa na uongo mzuri tayari ulimini, wenye joto. Nikaumeza.

"Unaweza ukanywa," nikamwambia. "Leo, au keshokutwa. Sijui. Ninachojua ni kwamba miezi mitatu hii hukukaa hapa kwa ajili ya kupona. Ulikaa kwa sababu tunajua kumkalisha mtu."

Siwema alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuta mgeni chumbani kwake.

"Kumbe sikuwapenda," akasema. "Yote yale, kumbe sikuwapenda."

"Mimi nilikuwa nawapenda wateja wangu, mwanangu. Ndiyo ilikuwa hatari yangu."

Akakaa.

Ambakisye akachukua mfuko. Hakuaga mtu, nadhani aliogopa kuaga. Akavuka ukumbi, akashuka ngazi, akaingia kwenye mvua ndogo ya Tukuyu isiyojua kwisha. Kutoka kwenye duara tulimwona mpaka getini. Alipofika akasimama. Akageuka, akatutazama. Alikuwa anangoja kuitwa; hilo nalijua kwa wateja, nalijua kama jina langu. Neno moja lingetosha, hata kikohozi.

Nilikuwa na habari nzima mdomoni, nzuri, ya mbuzi na mchungaji. Nikaziba mdomo kwa kitambaa cha kichwa.

Wale wanafunzi wengine watano walikuwa wameinama. Siwema alikuwa ameshanyanyuka nusu, mdomo wazi. Kisha akakaa tena kwa nguvu, akaiweka mikono yake chini ya mapaja, akaikalia. Jasho lilimtoka kwenye baridi ile. Miguu ilikuwa inamcheza.

Ambakisye akangoja. Hakuna aliyemwita. Nje ya geti, Tumpe aliinuka benchini, akamtwalia mfuko, akauweka kichwani kwake yeye. Fuso ilikuwa imeegeshwa ng'ambo ya barabara. Kaka mtu alikuwa ameshawasha. Baada ya muda akazima. Mtoto mmoja akashushwa, halafu wa pili, halafu godoro.

Dokta Mrutu akaja katikati ya duara. Akasema mimi nifunge vitu vyangu, gari la Mbeya lipo saa nane. Akawaambia wanafunzi kwamba chumba cha Kofia kitafunguliwa mchana, atakayetaka kuoshwa aandike jina. Habari ya Jumatatu na nyumba arobaini hakuitaja, nami sikuweza kumsoma usoni. Kijana wa Nachingwea akaandika. Na wa Kibondo. Karatasi ikafika kwa Siwema, ikabaki mbele yake, kwa kuwa mikono alikuwa ameikalia.

Mzee Lugano, yule dereva, alikuwa kiti cha pili kutoka kwake. Siku zake bila kunywa zilikuwa kumi na moja. Alimtazama Siwema muda mrefu, akamuuliza anaumwa nini.

"Nataka kumwita Ambakisye arudi."

"Si umwite?"

"Nataka sana, babu. Ndiyo maana simwiti."

Mzee alikisogeza kiti chake, miguu ya kiti ikikwaruza sakafu, mpaka bega lake likagusana na bega la yule binti. Mikono yake ilikuwa bado inatetemeka, akaifungia mapajani.

"Hupita," akamwambia. "Dakika ishirini hivi, halafu hupungua. Mimi nitakaa na wewe."